Mgongo wa Baba kwa Chaki Nyeusi

Tulipanda treni Mombasa jua likitua, mimi na mama mdogo Rukia, na mpaka leo nikiulizwa safari yangu ndefu kuliko zote sisemi Juba wala Lubumbashi, ambako nimefika nikiwa utingo wa malori. Nasema ile. Wewe uliyekua wakati wetu unayakumbuka mabehewa yale: mabenchi magumu, dirisha lililokwama nusu, na vumbi la Tsavo lililoingia na kukaa kwenye meno. Nairobi tuliteremka, tukashinda stesheni tumekalia mizigo yetu, kisha jioni tukapanda nyingine ya Kisumu. Mama mdogo alikuwa amefunga mahamri kwenye kitambaa, na kila nilipomwuliza kwa nini tunakwenda, alinipa moja. Nilishiba mapema sana.

Sababu nilikuwa naijua, kwa namna ya mtoto. Mama alikuwa ameolewa tena. Mume wake alikuwa mtu mpole. Hakunipiga, hakunigombeza, alinipita tu mlangoni kana kwamba mahali niliposimama hapakuwa na kitu. Basi ikaamuliwa niende kwa baba yangu, ambaye alirudi kwao ziwani nikiwa bado natambaa. Sikuwa na sura yake kichwani wala picha yake mfukoni. Treni ikipanda na kushuka milima, nilijaribu kumtengeneza. Nilimpa masharubu ya kondakta wa basi la mtaani kwetu, nikampa meno ya muuza kahawa, nikayafuta, nikaanza upya.

Asubuhi tuliamshwa na harufu ya miwa. Baadaye ardhi ikalala bapa, halafu yakatokea maji. Nikapiga kelele, "Mama mdogo, tumerudi Mombasa!" Behewa zima likacheka. Pale bandarini Kisumu nilichota maji kwa kiganja nikaonja. Hayakuwa na chumvi. Nikaamini kwamba hii ni bahari iliyosahauliwa huku bara mpaka ikaishiwa chumvi, na nikaionea huruma.

Tulichukua meli ndogo mpaka Asembo Bay. Gatini alikuwa amesimama bibi mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anayechagua nyanya sokoni.

"Pua ni ya kwetu," akasema. "Mimi ndio Dani yako. Nyanya yako."

"Na baba yake yuko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Iko visiwani, anavua omena. Mwezi ikijaa atakuja."

Nilielezwa baadaye. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani, kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwaka sana samaki hutawanyika, na wavuvi hupata nafasi ya kurudi makwao. Mama mdogo aliondoka kesho yake na meli ileile. Alinikumbatia kwa haraka, akasema niwe mtoto mzuri, akapanda. Kuanzia siku hiyo nikawa mtoto wa kuangalia mwezi.

Haya yote yalinirudia juzi, Lodwar, katika nyumba ya wageni isiyo na stima. Msichana wa pale alikuwa akiosha vioo vya taa kwenye karai, na ile harufu ya masizi yaliyolowa ikanifikia. Nilitoka nje nikakaa kwenye mawe, mpaka akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana. Harufu ile, kwangu, si ya taa. Ni ya Mwalimu Ogola.

Mwalimu Ogola alifundisha sekondari moja upande wa Bondo, na kila mwisho wa wiki alikuja nyumbani kwake, jirani na boma la Dani. Ujanani alipelekwa Uholanzi kusomea uchoraji, akarudi na vitu viwili: koti zito ambalo hakukuwa na baridi ya kulivalia, na mapenzi ya picha zisizo na rangi. Alikaa juu ya jiwe kubwa linalotazama ufuko, ubao magotini, kikopo cha maji ya ziwa pembeni, akachora kwa chaki nyeusi. Kisha alipaka juu yake wino aliojitengenezea kwa masizi ya taa, akiuzimua kwa maji mpaka uwe hafifu kama moshi wa ng'ambo.

Wanawake waliokuwa wakianika omena hawakumwacha apumue.

"Mwalimu, hata leo rangi imekosa dukani?"

"Rangi iko, Min Akinyi," alimjibu mama yake Akinyi.

"Sasa mbona ziwa yetu unaifanya hivyo? Inakaa kama imefiwa!"

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Yeye pia alicheka, kidogo, bila kuinua macho.

Mimi nilikaa karibu naye kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Dholuo, lugha ya pale, sikuijua, na Kiswahili changu kilikuwa mchezo wa watoto wote wa ufukoni.

"Mombasa! Ebu sema samaki."

"Samaki."

"Ebu sema nakuomba tafadhali."

"Nakuomba tafadhali."

"Ona! Anaongea kama redio!"

Waliwaita wenzao waje wanisikilize, na nikishasikilizwa, waliondoka pamoja. Kwa Mwalimu sikutakiwa kusema kitu. Nilishika kikopo, nikaangalia mkono wake. Kwanza alipiga mstari wa mbali, chini sana kwenye karatasi, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa mbingu. Mawingu aliyapapasa kwa ubavu wa chaki. Halafu burashi, maji mengi, na karatasi ikaanza kunuka.

"Nchi ya wale Waholanzi ni bapa kama meza," aliniambia. "Maji huku, maji kule. Mlima wa kuchora hawana. Wazee wao wakaamua kuchora hewa."

Palikuwa na sehemu ambazo hakuzigusa kabisa. Nilidhani amezisahau, nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapo ni mwanga," akasema. "Mwanga hauchorwi. Unauachia nafasi."

Mwisho kabisa, picha ikianza kukauka, aliweka mtu. Mmoja, labda wawili, wasiozidi punje ya mchele, na siku zote wametupa kisogo, wanaelekea majini. Nikamwuliza kwa nini hawana uso.

"Wakiwa na uso utawaangalia wao. Mimi nataka uangalie ziwa."

Mwezi ukajaa. Nilikaa ufukoni tangu jioni nikikagua kila mashua iliyokuja, nikiwapima wanaume waliokuwa wakishuka. Huyu ana masharubu. Huyu ana meno yale. Niliposinzia Dani alinibeba mpaka kitandani, na kilichofuata ni mkono wake ukinitikisa, na mwanga wa alfajiri mlangoni.

"Amka, amka haraka. Baba yako anaenda."

Nilitoka mbio bila viatu. Ufuko ulikuwa mrefu na mtupu, maji yametulia, na mbele yangu mwanamume alikuwa akitembea kuelekea mashua, kasia begani. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo, na neno halikuja, kwa kuwa sikuwahi kumwita mtu yeyote baba, na sikujua kama ukiliita neno hilo mara ya kwanza mtu mwenyewe atajua ni yeye. Alipanda, akakaa, akaanza kupiga kasia. Apigaye kasia huangalia anakokwenda. Hakugeuka.

Dani alinifikia akihema. "Alikuja ukiwa umelala. Mwenye mashua anawahamisha kisiwa ingine, alimpatia huo usiku tu. Alikaa hapo chini karibu na wewe, akakuangalia, akakuangalia, mpaka chai yake ikapoa. Nikamwambia nikuamshe. Akasema wacha, atalia. Mwezi hii nyingine atakaa."

Basi yeye alikuwa ameniona. Niliposikia hivyo nilipapasa uso wangu, kana kwamba kuna kitu kimechukuliwa. Juu ya jiwe, Mwalimu alikuwa ameinama kwenye ubao wake, akifanya kazi kwa haraka kabla mwanga haujabadilika.

Mwezi ule mwingine haukufika na baba. Ilikuja tufani ya ghafla, zile za ziwani ambazo huanza kwa upepo mmoja baridi na kwisha kabla chungu hakijachemka, na mashua ilipatikana imepinduka karibu na visiwa. Wenzake waliokotwa wakiwa hai. Yeye hakuonekana. Watu walitafuta, wakauliza kila ufuko, wakarudi. Dani aliacha kukaa kwenye kiti, alikaa chini.

Baba mkubwa Onyango, kaka yake baba, alisema mazishi lazima yafanyike, na picha ya marehemu lazima iwepo mbele ya watu, kama kila matanga. Ndipo ikagunduliwa kwamba picha haikuwepo. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni mwake, naye alikuwa na mfuko wake huko aliko. Mimi nilisikia neno picha, moyo ukaruka. Sikuelewa kifo vizuri. Nilielewa kwamba sasa watu wazima wote, hata wale wenye pikipiki, wanatafuta kitu nilichokuwa nakitafuta mimi peke yangu.

Dani, Mwalimu na mimi tulikwenda Kisumu, kwenye studio ya zamani karibu na soko ambako baba alikumbukwa kupiga picha ya kitambulisho. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi mwenye sweta, miwani juu ya paji la uso. Alitoa sanduku baada ya sanduku, akainua vipande vya filamu kwenye taa. Nilisimama kwa vidole vya miguu ili nione. Mwishowe alitoa kibunda kilichogandamana kama tambi zilizolowa.

"Mama, pole sana," akamwambia Dani. "Za wakati ule ndizo hizi. Mvua iliingia. Nikibandua, zinachanika zote."

"Bandua," Dani akasema.

Akabandua. Zikachanika zote. Alitupatia soda, tukainywa tumepangwa kwenye benchi la wateja, mbele ya pazia lililochorwa maua.

Kurudi nyumbani Dani akamgeukia Mwalimu. "Wewe ni mtu wa kuchora. Nichoree mtoto yangu."

Mwalimu alijaribu. Naweza kusema hivyo mbele ya mtu yeyote, alijaribu sana. Walikaa uani, Dani akasema macho yalikuwa makubwa, baba mkubwa akasema ni madogo, jirani akasema kidevu kilikuwa na kishimo, Dani akasema kishimo kilikuwa cha marehemu babu yake. Nilisimama nyuma ya ubao nikimsubiri baba atokee. Nyuso zilitokea, moja baada ya nyingine, na kila moja Dani aliitazama akatikisa kichwa. "Huyu ni mtu mzuri," alisema juu ya mmoja, "lakini si wangu." Mwalimu aliweka chaki chini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo.

"Uso sijui, Dani," akasema. "Nilijifunza ziwa na hewa. Lakini iko moja."

Akaenda kwake akarudi nayo. Ilikuwa asubuhi ile. Mstari wa chini, mbingu kubwa ya kijivu, mwanga ulioachiwa nafasi juu ya maji, na kwenye ufuko mtu mdogo, kasia begani, bega moja chini. Hata mimi nilimjua. Kwangu mimi ndivyo baba alivyokuwa, hakukuwa na zaidi.

Siku ya mazishi picha ile iliwekwa juu ya kiti, ikaegemezwa mto. Waombolezaji walikuja mmoja mmoja, wakainama, wakasogeza macho.

"Omera, ndugu yangu, yuko wapi?" mzee mmoja akamnong'oneza mtu wa rika la baba.

"Huyo hapo chini."

"Hii kama siafu?"

"Angalia bega. Hilo bega kila mtu anajua. Lilivunjika tukiwa shule."

Mzee akaangalia tena. Halafu akavua kofia, akaanza kulia kwa sauti.

Ila ndani ya jeneza hakuwamo mtu, nami nilijua. Kwa Wajaluo, mtu aliyechukuliwa na maji asipatikane huzikwa kwa yago, tunda refu na zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake, ili naye awe na kaburi nyumbani. Hakuna aliyenieleza. Niliwaona tu asubuhi wakilifunga ndani ya shati la baba, taratibu, wakifunga hadi kifungo cha shingo. Nikaona watu wazima wamedanganywa. Walikuwa wanazika tunda na kulia, hali picha ilikuwa palepale kwenye kiti ikionyesha baba anatembea vizuri tu, anaelekea kwenye mwanga. Kama anakwenda, basi kuna mahali anakwenda.

Watoto nao hawakusaidia. "Mombasa, babako amekuwa yago!" Niliwarushia mawe. Hiyo ndiyo lugha yangu ya kwanza ambayo hawakuicheka.

Mwisho wa wiki iliyofuata nilimfuata Mwalimu kwenye jiwe. Nilikuwa nimeliandaa swali langu kwa uangalifu, kwa maana nilijua yeye ndiye pekee aliyekuwepo.

"Yule mtu wa kwenye picha," nikasema. "Anakwenda wapi?"

Mwalimu alikuwa amechoka, au alidhani ninauliza habari za uchoraji kama siku zote. Alijibu akichovya burashi.

"Haendi popote. Nilimweka hapo ili ziwa lionekane kubwa."

Kisha akasikia alichosema. Nilimwona akisikia. Aligeuka, akaniita jina langu halisi, siyo Mombasa, akanyoosha mkono wenye masizi. Nilikuwa nimeshaondoka. Sikwenda mbali, hakukuwa na mbali pa kwenda. Nilikwenda mpaka pale mashua zilipovutwa mchangani nikakaa nyuma ya mojawapo, kichwa magotini. Hakukosea. Picha zake zilifanya hivyo kweli. Nimekuwa mtu mzima, nimelala katika miji mingi ambamo simjui mtu, na mara nyingi nikishuka kwenye lori alfajiri, barabara tupu, mbingu imejaa kila mahali, sentensi ile hunijia bila chuki. Lakini siku ile nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimepoteza mahali ambapo baba alikuwa akienda.

Nikaacha kula. Si kwa makusudi. Chakula kilikwama tu. Nilikaa ukingoni mwa maji kutwa, na mashua zilipokuja sikuinua kichwa. Dani alinipikia samaki, akanitolea miiba kwa vidole vyake, akaniwekea tonge mdomoni, nami nikalishikilia pale mpaka likapoa.

Habari zilifika Mombasa kwa njia ya madereva, na mama mdogo Rukia akaja. Alisema mama ananitaka. Mume wake amekubali, alisema, na niliona kwa jinsi alivyolitamka neno hilo kwamba lilipatikana kwa taabu. Baba mkubwa Onyango alikataa hapohapo.

"Mtoto ni wa hapa. Kaburi ya baba yake iko hapa. Huwezi kuchukua mtoto ya watu kama mzigo wa samaki."

"Bwana, sikuja kugombana," mama mdogo akasema. "Nimetumwa na mama yake."

"Mama yake ndiye alimleta!"

Ilikuwa kweli. Dani alikuwa amekaa chini mlangoni, miguu imenyooshwa. Hakuinua sauti.

"Onyango. Huyu mtoto hakuli. Anaangalia maji tu. Mnataka nizike tunda ingine?"

Baba mkubwa akatoka uani. Hakuna aliyelizungumza tena.

Sijarudi kuishi pale tangu siku niliyoondoka, na nikipita barabara ya Kisumu na mzigo huwa namwambia dereva asisimame. Asubuhi ile meli ilikuwa gatini. Dani alinifunga vifungo vya shati mwenyewe, akaacha cha shingo wazi. Alinipeleka mpaka mwanzo wa ufuko, akasema miguu yake haitaki kwenda zaidi. Nilipoinua macho nikamwona Mwalimu Ogola amesimama juu ya jiwe lake.

Nikajua atanichora. Saa ilikuwa ileile, mwanga uleule, ufuko mtupu, na mtu mdogo anaelekea majini. Basi nikageuka. Nilianza kutembea kinyumenyume, uso wangu nimeuelekeza kwao, kisigino kikitafuta mchanga, nikiwa nimefumbua macho sana ili yaonekane hata kwa mbali.

"Geuka wewe, utaanguka!" mama mdogo aliniita kutoka gatini. "Una nini?"

"Mombasa amerukwa na akili!" watoto wakapiga kelele wakinifuata pembeni. "Ona anatembea nyuma!" Mmoja wao akaanza kutembea nyuma pia, halafu wengine, wakicheka, mpaka tukawa kundi. Nilianguka, nikainuka bila kugeuka. Maji yaliniingia viatuni. Ubao wa kupandia meli niliupanda kwa kisogo, na baharia mmoja akanishika mabega ili nisidondoke.

Ndipo nilipoweza kumwona vizuri. Mwalimu alikuwa ameshuka kwenye jiwe, amesimama kando ya Dani, amemshika mkono. Hakuwa na ubao. Hakuwa na karatasi wala kikopo. Mkono wake mwingine alikuwa ameuinua juu, mtupu, anapunga, na aliendelea kupunga wakati injini ilipoanza kuunguruma.

Nilibaki nimewaelekea. Sikupepesa. Nilitaka kumwona Dani mpaka mwisho, pua yake, kitambaa chake, kila kitu, lakini meli haikunisubiri nimalize. Kwanza ulipotea uso wake, kisha mikono yao, kisha wakawa vijipande viwili vyeusi kwenye mchanga, na ziwa likawa kubwa.